Barua iliyokwama mlangoni: Historia fupi ya seva ya kutuma na istilahi zake

Mwalimu mwenzangu anayefunza Kiswahili mjini Lodwar ameniuliza swali ambalo mwanzoni nilidhani halina nafasi katika safu ya lugha. Ana programu ya barua pepe aliyoisakinisha katika kipakatalishi chake. Barua za watu zinamfikia bila shida, ila zake haziondoki. Anataka kujua iweje mlango wa kuingilia uwe wazi na wa kutokea uwe umefungwa, ilhali akaunti ni moja na nenosiri ni lilo hilo.

Nimeamua kumjibu hapa kwa sababu mbili. Kwanza, jibu lake ni la kihistoria, na historia hiyo haielezwi katika miongozo ya kompyuta. Pili, swali hilo niliwahi kukutana nalo mimi mwenyewe, na sikulijibu kwa wakati. Aliyelipia kosa langu ni mwanafunzi wangu.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Nilikuwa nikifunza Nakalale, kaunti ya Turkana. Shule ilikuwa na paneli moja ya sola ofisini na kompyuta haikuwapo. Mimi nilikuwa na kipakatalishi kikuukuu nilichokuja nacho kutoka Nairobi, pamoja na anwani ya barua pepe niliyopewa na kampuni moja ya intaneti ya huko. Nakalale hapakuwa na mtandao wa kutegemea, kwa hivyo programu ya aina hiyo ilinifaa sana. Niliandika barua zangu usiku, nikazihifadhi, kisha nikingoja siku ya kupata lori la kwenda Lodwar au Kakuma. Huko ningechomeka modemu ya simu, nibonyeze kitufe kimoja, zangu zitoke na za wengine ziingie.

Msichana mmoja wa kidato cha nne aliomba ufadhili wa masomo kutoka kwa shirika fulani. Yalihitajika maelezo ya mwalimu, na yalipaswa kufika kabla ya Ijumaa fulani. Niliyaandika kwa moyo wangu wote. Siku ya Jumanne nikafika Lodwar, nikaunganisha modemu, nikabonyeza. Barua kumi na nne zikaingia kwa mpigo. Kidirisha kidogo cha Kiingereza kilijitokeza, nami nikakifunga bila kukisoma, kwa maana niliona mambo yanaenda. Nilipotazama pembeni, barua yangu ilikuwa ndani ya folda iliyoitwa Outbox. Nikaridhika. Kwa Kiingereza changu, "out" ni nje. Barua iliyo katika kisanduku cha nje, si imetoka?

Niliporudi Nakalale nilimwita yule msichana nikamwonyesha. "Tazama," nikamwambia, "imeenda." Akatabasamu, akashika njia ya bwenini.

Majuma mawili baadaye nilikuwa Kakuma. Kijana mmoja mkimbizi kutoka Kivu, aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika kibanda chake kambini, alinisaidia kuondoa virusi. Alipomaliza akaniuliza mbona nina barua ya siku nyingi ambayo sijaituma. Nikamwambia hiyo imekwenda. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Barua haiyatoka. Iko ku mulango."

Maneno hayo, kwa Kiswahili chake cha Kongo, yamebaki nami hadi leo. Iko mlangoni. Yanasema kwa usahihi kile ambacho neno la Kiingereza lilinificha. Ili kuelewa ni mlango upi na nani aliufunga, yafaa turudi nyuma kidogo, na tuanzie papo hapo Turkana.

Historia ya barua katika eneo hili inaonyesha kuwa kupokea na kutuma havijawahi kuwa kitu kimoja. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka wa 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kenyatta alikaa huko hadi 1959, kisha akahamishiwa Lodwar hadi 1961. Serikali ya kikoloni haikuchagua mahali hapo kwa bahati nasibu. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali, na barua ya mfungwa haikutoka bila kupitia macho ya ofisa. Hata hivyo, mnamo Juni 1958 barua ya baadhi ya wafungwa wa Lokitaung, iliyolalamikia hali yao gerezani, ilichapishwa na gazeti la The Observer huko London. Mwezi huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatamka kuwa watu hao wangali viongozi wa kisiasa. Barua moja iliyopenya ikachangia kubadilisha mjadala wa taifa zima.

Kambi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka wa 1992, kanuni ya aina hiyo ilirejea kwa sura ya huruma. Wakimbizi waliotengana na jamaa zao waliandika ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu. Ujumbe huo huandikwa kwenye fomu isiyo na bahasha, unasomwa kabla ya kupelekwa, na unapaswa kuwa na habari za kifamilia tu. Anayepelekewa hatakiwi kuahidi chochote. Anayetuma ndiye anayechunguzwa.

Sasa tuje kwenye barua pepe. Mwaka wa 1971, mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET, na ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mnamo Agosti 1982, Jonathan Postel alichapisha kanuni za kupeleka barua kutoka kompyuta hadi nyingine. Kanuni hizo huitwa SMTP kwa kifupi, na ndizo zinazotumika hadi leo, ingawa zimeongezewa mengi. Postel aliita kazi yake itifaki "sahili", na kweli ilikuwa sahili. Kompyuta moja inabisha hodi kwa nyingine, inajitambulisha, inataja barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, halafu inaikabidhi.

Angalia kisichokuwapo katika mazungumzo hayo: nenosiri. Seva ya miaka ya 1980 ilipokea barua ya mtu yeyote na kuipeleka kwa mtu yeyote. Ilikuwa kama dereva wa lori la Lodwar kuelekea Kitale. Unampungia mkono, unampa bahasha, unamwambia, "Ndugu, mfikishie mjomba pale stendi." Hakuulizi kitambulisho. Anajua kuwa leo kakubebea wewe na kesho atabebewa yake. Wanamtandao wa wakati huo walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na waliaminiana vivyo hivyo.

Upande wa kupokea, mambo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Itifaki za kuchukulia barua, yaani IMAP iliyobuniwa mwaka wa 1986 na POP3 iliyochapishwa mwaka wa 1988, zilidai jina na nenosiri. Sababu yake ni wazi: barua iliyokwisha kufika ni mali ya mtu, na mali hulindwa. Basi tangu hapo barua pepe ikawa na njia mbili zilizojengwa kwa nyakati tofauti na watu tofauti, kwa mawazo tofauti kuhusu nani wa kuaminiwa. Msomaji wangu wa Lodwar anaona akaunti moja kwa sababu programu yake imezifunika njia hizo mbili kwa jina moja. Kwa hakika ana seva mbili na mipangilio miwili.

Kenya iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la ELCI jijini Nairobi lilikuwa likipitisha barua pepe za mashirika ya kijamii kwa mfumo wa FidoNet. Barua zilikusanywa, zikasubiri, kisha zikavushwa kwa simu ya kawaida zilipopigiwa kutoka GreenNet ya London. Kwa hivyo mwandishi wa siku hizo alijua fika kuwa barua aliyoiandika ingali imelala ikingoja simu. Mnamo 1995, Form-Net ikaanza kuuza huduma ya intaneti kibiashara, na mwaka wa 1998 Shirika la Posta na Simu likazindua Jambonet, njia ambayo kampuni hizo zilipitia kufika ng'ambo. Mwaka uliofuata shirika hilo likavunjwa. Posta ikabaki na barua za karatasi, Telkom ikabaki na nyaya. Labda hapo ndipo barua pepe ilipoacha kabisa kuwa barua machoni pa serikali, ikawa data.

Wakati huohuo ule uaminifu wa dereva wa lori ulikuwa umeshatoboka. Tayari mnamo Mei 1978, Gary Thuerk, mtangazaji wa biashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alikuwa ametuma tangazo moja kwa karibu watu 400 kwenye ARPANET bila idhini yao. Lilizua hasira, ila halikurudiwa sana kwa muda. Intaneti ilipofunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, tangazo moja likawa mamilioni. Watumaji wa barua taka waligundua kwamba seva yoyote duniani ingewabebea mzigo bure, na jina la mtumaji lingeweza kuwa la uongo. Madereva wakaanza kukataa bahasha za wasiowajua.

Walikataa kwa hatua mbili, na hatua hizo ndizo chanzo cha swali la leo.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya haraka. Kampuni ya intaneti iliiamuru seva yake ya kutuma ibebe barua za wale tu waliounganishwa na nyaya zake yenyewe. Nenosiri halikuhitajika, kwa kuwa kuwa ndani ya nyumba kulitosha kuwa kitambulisho. Utaratibu huu ulifaa alimradi mteja hajahama. Mimi nikiwa Nairobi, katika nyaya za kampuni yangu, barua zilitoka. Nilipokwenda Lodwar nikatumia modemu ya kampuni nyingine ya simu, seva yangu ya Nairobi iliniona kama mgeni anayebisha kutoka barabarani. Ikanikatalia kwa msimbo 550. Hicho ndicho kidirisha nilichokifunga. Kuchukua barua kuliendelea vizuri kwa kuwa njia hiyo ilidai nenosiri, na nenosiri nilikuwa nalo popote nilipokwenda.

Hatua ya pili ilikuwa ya busara zaidi. Desemba 1998 ilichapishwa kanuni iliyotenganisha kazi mbili zilizokuwa zimechanganywa: kazi ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, na kazi ya mtu kukabidhi barua yake kwa seva yake. Ya kwanza ikabaki na mlango namba 25, ya pili ikapewa mlango namba 587. Machi 1999 ikafuata kanuni ya kumwezesha mtumaji ajithibitishe kwa jina na nenosiri. Baadaye kampuni nyingi za intaneti ziliwafungia wateja wao mlango wa 25 kabisa, ili kompyuta zilizoambukizwa zisifurike dunia kwa taka. Mlango wa 465 nao una kisa chake. Uligawiwa mwaka wa 1997 kwa utumaji uliosimbwa, ukanyang'anywa muda mfupi baadaye, kisha mwaka wa 2018 ukarejeshwa rasmi na kupendekezwa. Ndiyo sababu miongozo mingine hukwambia 587 na mingine 465, na yote miwili inaweza kuwa sahihi.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Lodwar, dawa yako ni hii. Katika programu ya Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, ushuke hadi chini kabisa. Seva ya kutuma imewekwa huko peke yake, mbali na akaunti yako, na wengi hawaioni. Katika Outlook za zamani, imefichwa ndani ya mipangilio ya ziada, na kuna kisanduku cha kutia alama kinachosema seva ya kutuma inahitaji uthibitisho. Hakikisha mambo manne. La kwanza ni jina la seva ya kutuma, ambalo mara nyingi si lile la seva ya kupokea. La pili ni namba ya mlango, 587 au 465, wala si 25. La tatu ni usimbaji: mlango wa 587 huenda na STARTTLS, wa 465 huenda na TLS tangu mwanzo. La nne ni uthibitisho, yaani jina lako kamili la akaunti na nenosiri, hata kama ulishaliandika kwingine. Ikiwa anwani yako ni ya Gmail na programu yako ni ya kale, jua kwamba mwaka wa 2022 Google iliacha kukubali nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za namna hiyo. Utahitaji programu inayokupeleka kwenye ukurasa wao wa kuingia, au nenosiri maalumu la programu. Kisha jitumie barua wewe mwenyewe. Ikikurudia, mlango uko wazi.

Nimesema mlango mara nyingi, na hapa ndipo lugha inaponihusu. Kiingereza husema "port". Baadhi ya watu wameandika "poti", wengine nimewasikia wakisema "bandari". Neno hilo lina wazazi wawili katika Kilatini: porta, yaani mlango, na portus, yaani bandari. Katika kompyuta linalokusudiwa ni tundu la kupitia, na kila kompyuta ina matundu hayo yenye namba hadi 65,535. Bandari humpa mwanafunzi picha ya meli na kuli. Mlango humpa picha ya hodi, ya mwenyeji, ya mgeni anayeulizwa jina. Picha hiyo ndiyo hasa inayotendeka. Fauka ya hayo, Waswahili wa pwani tayari husema mlango wa bahari kwa njia nyembamba ya maji, kwa hivyo neno lenyewe limezoea kupitisha vitu. Napendekeza mlango, na ninakiri nilifundishwa na fundi wa Kakuma ambaye hakujua kuwa anaunda istilahi.

Kwa "protocol" tunayo itifaki, nayo inafaa. Asili yake ya Kiarabu ni makubaliano, na SMTP ni makubaliano ya hiari tu kati ya mashine. Kwa "password" Wakenya wengi tunasema nenosiri na ndugu zetu wa Tanzania wanasema nywila. Zote zinaeleweka, sioni haja ya ugomvi. Seva tumeikopa, imekaa.

Tatizo liko kwenye Outbox. Wapo wanaoiita kikasha toezi. Ni tafsiri nadhifu, lakini imebeba utata uleule ulioniponza. Toezi ni cha kutolea, au cha zilizotolewa? Mwalimu wa sarufi anaweza kubishana juu ya kiambishi hicho hadi jua lichwe. Mwanakijiji mwenye dakika kumi za intaneti hana muda huo. Kiswahili kina kitu ambacho Kiingereza hakina kwa wepesi huu: uwezo wa kuingiza wakati na hali ndani ya kitenzi. Kwa nini tusiseme zinazosubiri kwa Outbox na zilizotumwa kwa Sent? Kiambishi -na- na kiambishi -li- vingenieleza mwaka wa 2009 jambo ambalo "out" halikunieleza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulitufundisha kwamba programu nzima inaweza kusema Kiswahili. Lililobaki ni kuuliza, kwa kila neno, kama mtu aliye mbali na mjuzi yeyote atalielewa bila kuponzwa.

Kwa maana huko mbali ndiko barua huhitajika zaidi. Mnamo Desemba 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao la mtandaoni, KANERE, ili habari zao ziandikwe na wao wenyewe. Kutoka Lokitaung ya 1958 hadi Kakuma ya nusu karne baadaye, haja ni ileile: sauti itoke, ifike, na mwenye kuituma ajue imefika au haikufika.

Yule fundi alitia alama katika kisanduku, akabadilisha 25 ikawa 587, akaniomba niandike nenosiri. Barua ikaondoka kabla hajanywa chai yake. Siku iliyofuata shirika lilijibu kwa adabu kwamba muda ulikuwa umepita.

Nilimweleza yule msichana ukweli wote, pamoja na kosa langu. Alinyamaza kidogo. "Mwalimu, si ulisema imeenda?" Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata aliomba tena kwingine, na safari hii nilikaa Lodwar hadi jioni nikingoja jibu la kuthibitisha kuwa maelezo yamepokelewa. Alipata nafasi. Lakini mwaka mmoja wa ujana wake ulipotelea mlangoni, kwa sababu ya tiki moja iliyokosekana na neno moja ambalo mwalimu wake wa lugha hakulisoma vizuri.

Ndugu yangu wa Lodwar, kabla ya kufunga kipakatalishi leo, angalia folda hiyo. Usimwambie mtu imeenda hadi uione miongoni mwa zilizotumwa.